Shahidi wa Nyumbani

Kila aliporudi nilimsimamisha mlangoni nimnuse. Mdomo kwanza, kisha kola ya shati, kisha viganja, kwa sababu mlevi mwenye akili hupiga mswaki lakini husahau mikono. Mdogo wangu alikwisha zoea. Alisimama kizingitini, mtu mzima na ndevu zake, akapanua mdomo na kungoja nimalize.

"Haya, pita."

"Asante, afande," alijibu, akapita.

Sikucheka. Wakati ule sikuweza kucheka na mtu ambaye, akiwa fundi wa majokofu anayeaminiwa mtaa mzima, aliuza jokofu la mteja akalinywa lote, kisha akashinda siku nzima akimsaidia mteja huyo kulitafuta.

Kazi yangu mwenyewe ilikuwa kukagua mita za maji. Nilijua bomba la wizi linavyopitishwa nyuma ya sinki, na nilijua sura ya mwenye nyumba anayekuapia kwamba familia yake haiogi sana. Kazi hiyo hukufundisha kutomwamini mtu anayekukaribisha kiti kabla hujakiomba. Kwa hiyo watafiti walipotaka kila mshiriki alete ndugu wa kuwa shahidi wake wa nyumbani, ukoo mzima ulinigeukia mimi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa dawa mpya ya kuondoa kiu ya pombe. Walichukua walevi waliotaka kuacha, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa dawa, jingine vidonge vya unga mtupu, rangi ile ile, chupa ile ile. Nani alipewa nini, mlevi hakujua, nesi hakujua, hata Daktari aliyeuongoza hakujua. Siri hiyo ilitunzwa na watu wa mbali ambao hatukuwahi kuwaona, na haikufunguliwa ila kwa dharura. Kila wiki mshiriki alitolewa damu na kupewa vidonge vya wiki nyingine, na shahidi wake aliitwa chumba cha pembeni kuulizwa maswali. Amekunywa? Anameza dawa? Analala?

"Kwa hiyo mdogo wangu anaweza kuwa anameza unga," nilimwambia Daktari siku ya kwanza.

"Anaweza."

"Na wewe hujui."

"Sijui, na sitakiwi kujua. Nikijua, nitaanza kuona ninachotaka kuona."

Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na alinikaribisha kiti. Niliona ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu asomee udaktari miaka yote hiyo halafu asijue anampa mgonjwa wake nini? Nilitia saini, lakini niliondoka nikiwa nimeazimia kuwakagua wote, mlevi na waganga wake.

Sikuwa na nafasi ya kukosea. Mume wangu alikuwa amesema neno lake mara moja tu, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: mdogo wako akinywa tena, atafute pengine pa kulala. Pengine hapakuwepo. Wazazi wetu walikwisha kufa, mkewe alikwisha ondoka. Nje ya nyumba yangu palikuwa na mtaro, na alikwisha okotwa humo akiwa amelala kifudifudi, maji yakiwa karibu na pua.

Mwezi wa kwanza alitaabika. Usiku nilimsikia akizunguka chumbani, asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Hakunywa, lakini alikuwa kama mtu aliyebeba gunia asilojua atalitua wapi. Mwezi wa pili akaanza kutulia kidogo, na hapo ndipo machale yaliponicheza. Siku za kliniki alianza kuchelewa kurudi, na kila alipochelewa alirudi amenyolewa. Wiki hii amechongwa pembeni, wiki ijayo amepunguzwa kisogoni. Mtu asiye na kazi, nywele zake zilikuwa nadhifu kuliko za meneja wangu.

"Unanyolewa wapi?"

"Kwa rafiki. Naye yumo kwenye utafiti. Huwa tunakwenda wanne."

Walevi wanne, wote wa siku moja kliniki, na mmoja wao ana chumba chenye mlango. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Wiki iliyofuata, nilipomaliza kuulizwa maswali, nilimuaga mdogo wangu kwamba narudi kazini, kisha nikajibanza kwenye duka la vipuri nikawangoja. Walitoka pamoja. Mbele alikuwa Kinyozi, mtu mfupi mwenye bega moja lililoshuka. Nyuma yake Dereva, aliyenyang'anywa leseni. Kisha Mwalimu, mstaafu aliyevaa tai hata siku ya kutolewa damu. Na mwisho mdogo wangu, akitazama nyuma. Waliingia kwenye kibanda cha kunyolea na kufunga mlango, saa ya mchana ambayo kinyozi yeyote mwenye akili huuacha wazi.

Nilisogea hadi dirishani. Pazia lilikuwa limeshushwa.

"Lete yako," ilisema sauti moja.

"Mimina zote. Zote, bwana."

"Safari hii nisipunjwe."

"Nani aliwahi kukupunja? Tikisa kwanza."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, nyuma ya milango ya aina nyingi. Baba yetu naye alikuwa na marafiki. Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni, nikausukuma mlango kwa bega.

Hakukuwa na chupa ya pombe. Kwenye meza iliyo chini ya kioo palikuwa pametandikwa taulo, na juu ya taulo palikuwa na vidonge vimerundikwa, na chupa nne za dawa zimelala tupu. Kinyozi alikuwa anavitenga mafungu manne kwa mkia wa kitana. Wote walinitazama, isipokuwa yeye.

"Dada," mdogo wangu alisema, "si unavyofikiri."

"Sijafikiri kitu bado. Mnafanya nini?"

"Tunachanganya."

Mwalimu alirekebisha tai. "Ni hivi, dada yetu. Miongoni mwetu yupo aliyepewa dawa na yupo aliyepewa unga, na hatujui ni nani. Basi kila wiki tunachanganya tulizopewa, tunagawana sawasawa. Hakuna anayepata yote, na hakuna anayekosa kabisa."

Nilikaa kwenye benchi bila kuombwa. Wasomi walikuwa wamewatenga watu hawa kwa hesabu na kwa kompyuta, nao wakavikusanya vidonge vyote kwenye taulo wakagawana kama walivyozoea kugawana kila kitu kilichowahi kuingia kwenye chupa.

"Hili wazo ni la nani?"

Dereva alimtazama Kinyozi. Mdogo wangu alimtazama Kinyozi. Kinyozi aliendelea kutenga vidonge kwa kitana chake, viwili huku, viwili kule, hana hili wala lile.

Tangu dakika ile nilimshuku yeye. Kazini nilikwisha waona wengi wa namna yake, anayejitolea kuwagawia majirani maji huku tangi kubwa liko uani kwake. Mwezi wa kwanza wa utafiti yeye peke yake ndiye aliyenawiri; nilikuwa nikimwona kwenye korido ya kliniki akipiga mluzi wakati wenzake wanatetemeka. Nikajiambia kwamba huyu ana namna ya kuvitambua vidonge vya kweli, na mkia wa kitana unajua uchukue kipi.

Wiki iliyofuata nesi aliniuliza maswali yake. Amekunywa? Nikasema hapana. Anameza dawa? Kila siku, mbele ya macho yangu. Yote yalikuwa kweli tupu. Hakuniuliza anameza za nani. Ningeyasema ya taulo, mdogo wangu angetolewa siku ile ile, nami nilijua angelala wapi.

Nilichofanya ni kumchunga Kinyozi. Nilibadilisha njia ya ukaguzi wangu ili nipite pale mchana, na nikaona nilichokuwa nakitafuta. Mluzi ulikatika. Mikono ilianza kumtetemeka. Mteja mmoja alitoka ameshika sikio na kitambaa chenye damu, na baada ya hapo wateja walipungua, hadi nikawa namkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, anajitazama kiooni. Siku moja nilipita karibu zaidi. Alinuka pombe, na hakujaribu kuificha.

Nitasema kweli, nilifurahi. Pua yangu ilikuwa imeshinda kesi.

"Rafiki yenu kinara ameanza kunywa," nilimwambia mdogo wangu jioni ile. "Huyo ndiye atakayewarudisha wote mlikotoka. Achana naye."

Alikuwa amekaa kitandani na vidonge vyake vya siku kiganjani. Hakumeza.

"Dada, mwezi wa kwanza, kabla hatujaanza kuchanganya, nani kati yetu alikuwa analala usingizi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Yeye tu. Sisi watatu tulikuwa tunaona nyota. Tulipoanza kuchanganya sisi tukapata nafuu kidogo, yeye akaanza kutetemeka." Alivirudisha vidonge kwenye chupa, kimoja kimoja. "Nilidhani ni bahati mbaya."

Nilidhani ananizungusha. Mtu anayetaka kuacha dawa hakosi sababu.

Asubuhi yake alivaa shati la pasi na kuondoka bila kuaga, siku ambayo haikuwa ya kliniki. Nilimpa nafasi ya nyumba chache, kisha nikamfuata. Alishika barabara ya kilabu alichokuwa akinywea. Mbele ya mlango wa kilabu alipunguza mwendo, akasimama, nami nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu. Nilikwisha anza kupanga nitakachomwambia mume wangu. Kisha mdogo wangu akapita. Alikata kona, akapandisha hadi lango la kliniki, na pale akazungumza bila kugeuka.

"Najua uko nyuma yangu, dada. Njoo basi, uwe shahidi."

Alimweleza Daktari yote, akiwa amesimama, mikono nyuma. Taulo, kitana, mafungu manne. Daktari alivua miwani, na kwa muda hakuivaa tena.

"Mmeniharibia," alisema, si kwa ukali. "Unajua ni watu wangapi wanaingoja dawa hii?"

"Najua. Lakini mwenzetu anakufa, na nadhani amekuwa akitugawia sisi dawa yake. Fungueni hiyo siri yenu."

"Ikifunguliwa, wewe umetoka kwenye utafiti. Hutapata kidonge tena, cha dawa wala cha unga."

Mdogo wangu alinitazama kwanza. Alijua neno la mume wangu, alilisikia kupitia ukuta wiki ile ile lilipotamkwa. Nilitaka kumwambia tuondoke, tukazungumze nyumbani kwanza. Hakuningoja.

"Fungueni," alisema.

Waliitwa wote alasiri. Daktari alikuwa amekwisha piga simu zake na kupata majibu, na aliyasoma bila kupamba. Dereva, unga. Mwalimu, unga. Mdogo wangu, unga. Kinyozi, dawa.

Kinyozi, macho mekundu, alikuwa anatazama sakafu, na niliona wazi kwamba hakushangaa. Daktari naye aliona.

"Ulijua."

"Wiki ya tatu nilijua," Kinyozi alisema. "Nilijaribu bia, ikanikaa mdomoni kama maji ya kuoshea brashi. Nikajua vidonge vyangu ndivyo vyenyewe."

"Kwa nini hukunyamaza ukameza?"

Kinyozi aliinua macho kutoka sakafuni.

"Daktari, hawa nimekunywa nao miaka. Sijawahi kufungua chupa mbele yao nikainywa peke yangu. Sikujua mtu anaanzaje."

Mimi niliyejua bomba la wizi lilipo kabla ya kufungua mlango, nilikuwa nimemkagua mtu huyu kwa wiki kadhaa nikitafuta tangi uani kwake. Niliona aibu, na aibu hiyo sijaisahau.

Watatu walitolewa siku ile. Kinyozi alitolewa pia, lakini Daktari alimwombea dawa kwa wakubwa wake, akapewa, kwa sharti ameze pale pale mbele ya nesi na aoneshe ulimi. Mdogo wangu hakupata kitu. Mume wangu hakumfukuza; alisikiliza habari nzima akiwa ameshika kijiko, akasema, "Aah," na kuongeza sukari kwenye chai yake. Mwaka uliofuata mdogo wangu alianguka tena, akainuka tena, na hiyo ni safari yake, ataisimulia mwenyewe akitaka.

Mimi narudi kila mara kwenye alasiri ile, tulipotoka kwa Daktari. Wanaume wanne walitembea hadi kwenye kibanda bila kushauriana, nami nikawafuata kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya na macho yangu. Kinyozi alifungua mlango na kuuacha wazi. Mdogo wangu akaenda moja kwa moja kwenye kiti.

"Ninyoe ndevu," alisema. "Kwa wembe."

"Leo?"

"Leo."

Kinyozi alimfunga taulo shingoni. Alipaka povu, na brashi yenyewe ilikuwa inarukaruka mashavuni. Alichukua wembe, akauinua karibu na koo la mdogo wangu, na nikaona ncha yake inavyocheza kwenye mwanga. Nilikuwa nimekwisha piga hatua kumvuta ndugu yangu kutoka kwenye kiti kile. Kinyozi akaushusha.

"Mkono haujatulia."

Mdogo wangu alikuwa amelaza kichwa nyuma, koo wazi, macho amefumba.

"Tulia kwanza," alisema. "Mimi sina haraka."

Dereva na Mwalimu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mwalimu akasogea kunipa nafasi. Nilikaa, nikaegemeza kichwa ukutani, na baada ya muda nikafumba macho na mimi.