Kiti cha Mzee Povu

Mzee Povu, mwenye kiwanda cha sabuni, ndiye aliyetuongoza sisi waangalizi wa uchaguzi. Amri yake ilikuwa moja: penye sanduku la kura mwangalizi hakai, husimama, maana wezi wako karibu. Aliitoa kwa sauti iliyong'oa misumari ya mabati mtaa wa pili.

Mke wangu alisimama mpaka wezi wakamvunja mkono kwa rungu na kubeba sanduku. Mzee Povu akaapa kuwataja hadharani. Hakuwataja. Walipoingia serikalini, wakampa uwaziri.

Tukamfuata ofisini, waangalizi wote. Kiti chake kipya kilikuwa laini, kimemmeza hadi masikioni.

"Karibu shemeji, keti," alimwambia mke wangu.

"Sikai. Utawataja lini?"

"Mambo ya serikali hayataki pupa, shemeji. Keti tunywe chai."

Mke wangu akautua mkono wenye plasta juu ya mafaili yake. "Si ulisema penye wezi hatukai?"

Mzee Povu akaagiza viti. Vikaletwa, vikabaki vitupu. Tukaizunguka meza, hata mimi na magoti yangu ya kustaafu, naye akabaki kuutazama mlango asioweza kuufikia.