Kichuguu Kilichokimbia Masisi

Asubuhi ya Jumanne Mama Généreuse alitoka kumwaga maji ya kuoshea sahani, akakuta kichuguu chake cha Masisi kimesimama uani, kati ya choo na kamba ya nguo ya jirani. Kilionekana kimechoka. Udongo wake mwekundu ulikuwa umebanduka upande mmoja, na juu kabisa kilikuwa kimenasa kipande cha bashi jeupe, turubai la yale wanayogawiwa wakimbizi. Mama Généreuse aliyamwaga maji mbali kidogo yasikirukie, kisha akaweka beseni chini.

"Karibu," akasema. "Ulifika salama?"

Vichuguu havina tabia ya kusema. Akaingia ndani kumwamsha mumewe, Papa Edmond.

"Amuka. Kichuguu imekuja."

"Kichuguu gani?"

"Yangu. Ile ya uyoga."

Papa Edmond alivaa suruali mbiombio hata mkanda akausahau. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukiona. Uyoga wake alikuwa ameula, tena akalamba vidole, lakini ulikotoka hakuruhusiwa kujua. Kwao Masisi, mlimani, mambo yalikuwa hivyo. Kichuguu cha uyoga ni mali ya mama, naye humwonyesha binti yake jioni ya kuamkia harusi, basi. Mwanamume haonyeshwi, awe mume, awe padri. Mwanamke akienda kuchuma hujifanya anatafuta kuni, huzunguka njia ndefu, na akihisi anafuatwa hurudi nyumbani na kuni kweli. Tena hakionyeshwi kwa kidole. Kidole hukitia haya, uyoga ukarudi ndani. Huonyeshwa kwa midomo: unaichongoa kidogo kuelekea upande ule, na wa kuelewa anaelewa.

Papa Edmond akakizunguka, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari.

"Kumbe ni wewe," akasema. Wivu wa miaka mingi ulimtoka hapo hapo. "Nilizani uko mukubwa kuliko hivi."

Watu wa Ndosho, mtaa huu wa Goma, hawashangai ovyo. Mtu aliyeona volkano ikishuka mpaka katikati ya mji, ikaingia madukani na kutoka bila kununua kitu, utamshangaza na nini? Majirani walikuja kukipa kichuguu pole ya safari. Jolie, mwenye ile kamba, aliihamisha kamba na nguo zake bila kuombwa, ingawa alinung'unika kwamba parseli hii, kiwanja chao kidogo, sasa imejaa na choo ni kimoja. Kufika saa sita habari zote zilikuwa zimeenea. Kilikuja kwa kutembea. Kwenye barieri ya barabarani askari walikiomba ya chai, kikawaachia uyoga. Vita ya kwanza kilivumilia, ya pili kilivumilia. Hii ya sasa, ambayo hata namba haijapewa, ndiyo iliyokishinda.

Mama Généreuse peke yake ndiye aliyejua sababu nyingine. Binti yake Alliance alikuwa anaolewa Jumamosi na Olivier, kijana wa motataksi. Alliance alizaliwa Goma, juu ya mawe meusi, na hajakanyaga Masisi hata siku moja. Kwa majuma kadhaa mama yake alikuwa halali vizuri. Mlima wao ulichukuliwa walipokimbia: kwanza walikuja ng'ombe, halafu seng'enge, halafu karatasi yenye muhuri. "Mutoto anaolewa," alikuwa akimlilia Jolie, "na miye nitamuonyesha nini? Jiwe?" Hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Sasa kitu chenyewe kilikuwa kimekuja kumtafuta, na moyo wake ulijaa furaha mpaka akawa anaimba chooni.

Mvua ilinyesha siku hiyo hiyo, na Jumatano uyoga ukatoka. Ulikuwa mweupe, mnene, wenye vichwa vipana kama sahani. Mama Généreuse alikisalimu kichuguu kwa jina la mama yake, Nyiransabimana, kama inavyotakiwa. Uyoga wa kwanza akauacha, huo ni wa kichuguu chenyewe. Mwingine akauchuma kwa kuuzungusha taratibu shinani, usije ukang'oka na mzizi ukafa, na ule mdogo akauachia kesho. Sehemu akaipika kwa karanga za kusaga na mafuta ya mawese. Sehemu akaipasua kwa urefu, akaitunga kwenye uzi, akaining'iniza juu ya mbabula, jiko la makaa, ipate moshi. Iliyobaki akaianika juu ya mabati, na Papa Edmond akakaa chini na fimbo kufukuza kunguru, kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko kazi nyingine yoyote tangu wahamie mjini.

Harufu ilimfikia Twahiru, shefu wa avenue, yaani mjumbe wa mtaa. Alikuja kuuliza kama mgeni mpya amejulishwa kwake, akaketi, akala, akasahau swali. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, watu wa kuuza vitenge madukani Birere, wapole, wasiojua mambo ya milimani. "Hii uyoga ni nyama kabisa," alisema, akafuta sahani kwa tonge la bugali.

Alhamisi akafika Léopold.

Léopold alikuwa jeran, msimamizi wa ng'ombe wa Mukubwa. Huyo Mukubwa, aliyeuchukua ule mlima, jina lake halitajwi Ndosho, na si kwa heshima. Asubuhi moja Léopold aliona shimo pale kichuguu kilipokuwa, akafuata mchirizi wa udongo mwekundu barabarani hadi mjini, akapinda pale ulipopinda, akaingia uani na mabuti yake bila hata kupiga hodi.

"Kichuguu hii ni ya shamba ya Mukubwa," akasema. "Imetoroka."

"Haikutoroka," Mama Généreuse akajibu. "Imekimbia, sawa na sisi wote."

Ikabidi Shefu Twahiru aitwe. Alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya kichuguu, na uani pakajaa watu. Ukweli usemwe: Shefu alitaka Mama Généreuse ashinde. Utamu wa karanga ulikuwa bado mdomoni.

"Mama Alliance," akaanza, "nani anajua kama kichuguu hii ni yako?"

"Mama yangu."

"Aitwe."

"Alikufa. Kaburi yake iko kule, ndani ya seng'enge ya Mukubwa."

"Mwingine?"

"Hakuna. Haruhusiwi."

Shefu akakuna kidevu. "Bwana yako je? Papa Edmond, wewe umekaa naye maisha yote. Uliona huyu mama na kichuguu hii kule mulimani?"

Papa Edmond alisimama, akanyoosha shati. Ni mtu wa kanisa. Hasemi uongo hata pale uongo ungekuwa kitendo cha huruma. "Shefu, mimi nilikula tu," akasema. "Kwa macho nimeiona Jumanne."

Majirani wote wakasonya. Mama Généreuse alimkazia macho mumewe kwa hasira kali, maana alikuwa amemharibia kesi. Lakini alisikia na fahari kidogo, kumbe alimficha vizuri hivyo.

Shefu hakukata tamaa. "Basi tumalize kirahisi. Simama mbele ya watu, nyoosha kidole, sema hii ni yangu. Mutu mwenye haki haogopi kuonyesha mali yake. Onyesha, miye nitaamua."

Mama Généreuse akasimama. Akakitazama kichuguu, akaichongoa midomo.

Shefu akangoja. "Onyesha, mama."

Akaichongoa tena, zaidi.

"Jino inakuuma?"

Papa Edmond, ambaye sasa alikuwa amekiona na hakuona sababu ya kujizuia, naye akachongoa. Wanawake wote wa Masisi waliokuwa pale wakachongoa, hata bibi mmoja asiye na meno. Uani pakawa midomo mitupu, yote imeelekea upande mmoja. Shefu Twahiru aliwatazama mmoja baada ya mwingine, jasho likimtoka. Alichokiona ni watu wengi wanaotaka kupiga mluzi na hawajui wimbo gani.

"Mama, nakusihi," akasema kwa sauti ya chini. "Kidole moja tu."

"Siwezi, Shefu. Kidole itaiua."

Ndipo Léopold aliponyoosha mkono, kidole kikakaribia kabisa kugusa udongo. "Hii," akasema. "Hii hapa. Ya Mukubwa."

Uyoga ukarudi ndani, mmoja baada ya mwingine, kama wapangaji waliosikia sauti ya mwenye nyumba. Kichuguu kikabaki kipara. Wanawake waliguna kwa uchungu, mmoja akafunika macho ya mtoto wake.

Shefu aliamua kwa huzuni. Mmoja ameonyesha, mwingine hakuonyesha. Kichuguu ni cha mlima, na mlima ni wa aliye juu yake. Lakini si adabu kumtoa mgeni kabla ya karamu, kwa hiyo kitabaki mpaka Jumapili. Akabeba kiti chake, akaondoka bila kumtazama mtu. Mama Généreuse alikaa chini juu ya mawe akalia kwa sauti, bila kujificha, na Jolie akaja akakaa karibu naye.

Ijumaa, jua likielekea kuzama, alijifuta uso, akamshika Alliance mkono. Wakatoka nje, wakazunguka kwa nyuma ya kanisa, wakapita sokoni, wakaokota vijiti viwili vitatu kama kuni, wakarudia njia nyingine mpaka wakaingia uani kwao tena. Papa Edmond alikuwa amefungiwa ndani kwa ajili ya heshima.

Mama Généreuse akasimama, akatazama nyuma, akaichongoa midomo kuelekea kichuguu.

"Maman," Alliance akasema, "si iko hapa mbele yetu? Juzi nilianika soksi juu yake."

"Nyamaza. Angalia mudomo."

Alliance akaangalia. Alitaka kucheka, na alianza, lakini akauona uso wa mama yake. Akaichongoa midomo yake, vibaya kidogo, kama mtu anayejaribu viatu vya mama yake.

Jumamosi akaolewa. Uyoga mbichi haukuwepo, ila ule wa kwenye uzi ulikuwa umekauka vizuri. Ulilowekwa, ukapikwa, na bibi arusi akawa wa kwanza kuula. Wajukuu wa Maniema na wa Masisi walichovya kwenye sahani moja. Shefu Twahiru alikula akiwa ameinamisha kichwa, akaomba aongezwe. Jumapili Léopold alikuja na lori na kamba na vijana wenye nguvu. Kichuguu hakikupinga. Mama Généreuse alikifunga kipande kile cha bashi juu vizuri, kwa sababu barabara ya Sake, ya kwenda Masisi, ina vumbi, akakiambia kwenda salama.

Juma lililofuata kikawa kimerudi, mahali pale pale. Jolie hata kamba alikuwa hajairudisha.

Safari hii hakikuja peke yake. Kilikuja na chemchem ya kwao mlimani, iliyokuwa chini ya mgomba, na asubuhi watu wakaikuta inatiririka kando ya choo, baridi na safi. Pale Ndosho, ambako maji hufuatwa ziwani kwa vidumu, hakuna aliyeuliza chemchem hati. Walipanga foleni. Léopold alikuja na lori tena, akapakia kichuguu, kikarudi na mparachichi. Akakipakia tena, kikarudi na kaburi la Bibi Nyiransabimana, ambalo lilijiweka karibu na mlango wa jikoni bila kusumbua mtu. Papa Edmond alimsalimu mama mkwe wake kila alipopita, na kwa mara ya kwanza alionekana anavaa mkanda.

Mwisho Léopold alikuja bila lori. Alikunywa maji ya chemchem akiwa amesimama.

"Nilimuelezea Mukubwa," akasema. "Amesema hana neno. Mukamate vitu, vikae kwenu. Bora mulima ubaki."

Na mlima ulibaki, na ng'ombe wake na seng'enge yake. Ukiutazama kwa mbali, wanasema, hata hujui kama kuna kitu kilitoka.

Uyoga huota kila baada ya mvua mpaka leo. Mama Généreuse huuchuma, huutunga, huuning'iniza moshini, na harufu ikitoka Shefu Twahiru huja na kiti chake. Hivi karibuni alikula akashiba, akanawa, akatazama kaburi, mparachichi na kichuguu, akaona aibu yake ya zamani inamrudia.

"Mama Alliance," akasema, "siku moja nitawasemea kwa wakubwa. Neno la kweli. Lakini niambie vizuri, nisipotee nikiwa mbele yao: kwenu hasa ni wapi?"

Mama Généreuse alikuwa ameshika sufuria kwa mikono yote miwili. Akaichongoa midomo kuelekea Sake, juu kidogo, kushoto kidogo. Pembeni yake Alliance, aliyekuja kusalimia na mimba yake, ambaye hajafika kule hata siku moja, akaichongoa yake pale pale, sawasawa kabisa na mama yake.

Shefu akageuza kichwa, akatazama mabati, nyaya za umeme na wingu. Akatazama kwa muda mrefu, kwa moyo wote.

"Sioni kitu," akasema. "Onyesha na kidole."

Mama Généreuse akamwongezea uyoga.