Kopo la Jirani

1.

tu.

tu.

tu.

Ni kinu. Kidogo, cha iliki, kilichosafiri hadi Ujerumani kikiwa kimevishwa kanga katikati ya sanduku. Alfajiri haijapambazuka. Bi Mize amekipakata juu ya taulo asije akamwamsha mtu.

NGO! NGO!

Ukuta.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize. "Kumbe na jirani keshaamka."

2.

Msomaji, huyo ndiye Bi Mize wa Wete, Pemba. Anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, katika mji ambao jua lake huja kama mgeni aliyelazimishwa. Chumba hiki amekipanga juzijuzi, ghorofa ya juu. Anakitaka kwa sababu moja. Sababu yenyewe imeng'oka meno ya mbele, inaitwa Zumra, ni mjukuu wake, na mama yake ni marehemu. Wakubwa wamesema: mtoto ataruhusiwa kuja kuishi na bibi yake iwapo bibi ana chumba, na chumba hakina ugomvi.

Hakina—

3.

TANGAZO KWA WAPANGAJI
(Limebandikwa kwenye ngazi, kwa Kijerumani. Bi Mize hulipita kila siku akidhani ni zamu za kufagia.)

Samani hazitaburuzwa.
Hakutatwangwa, hakutapondwa, hakutagongwa kabla ya saa moja asubuhi.
Taka itakayotiwa katika pipa lisilo lake itarudishwa mlangoni kwa mwenyewe.
Mpangaji atakayelalamikiwa mara tatu ataondoka.

4.

Chumba kinasema:

Waliomtangulia walinipigilia misumari. Yeye aliingia kwa mguu wa kulia, akanisalimia. Alikikuta kitanda kimekaa vibaya: mtu akilala, miguu inaelekea kibla. Haiwezekani. Akakishika, akakivuta.

k r r r r r r r r r

Malalamiko ya kwanza.

Kisha akatundika kanga dirishani. Birika likapata pahala pake, mswala ukapata pahala pake. Chini ya dirisha kuna godoro dogo, bado limo ndani ya nailoni. Hilo halikaliwi.

5.

Malalamiko ya pili: rudi juu, usikilize kinu.

6.

Kwenye ngazi.

Bwana Brandl, jirani wa mlango wa pili, mstaafu, anapanda na mkate wake. Bi Mize anashuka. Anamsalimia kwa Kijerumani alichonacho, ambacho ni salamu tupu. Mzee anampita kama anayepita nguo iliyoanikwa.

"Maskini," anasema Bi Mize. "Masikio hayo."

7.

Kopo.

Alifungua mlango aende kazini, akalikuta chini: kopo la mtindi, la plastiki, tupu, limewekwa katikati ya kizingiti. Lilifanana na aliyoyatupa yeye juzi, lakini makopo yote ni ndugu. Akainua macho. Mlango wa Bwana Brandl ulikuwa unafungwa polepole.

Moyo ukamjaa.

Kwao mtu hakuletei chombo kitupu kwa ubaya. Labda kapungukiwa na sukari, labda chumvi, na lugha ya kuombea hana. Au labda ndiyo hodi yake. Vyovyote iwavyo, chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Jioni akakanda unga.

8.

"Weka chini hilo kopo, Mama!"

Huyu ni Furaha, mwenzake wa kazini, mzaliwa wa Bukavu. Ameishi hapa hata hasira zake zimekuwa za Kijerumani.

"Ile si zawadi. Ulitupa plastiki kwenye pipa ya karatasi. Amekurudishia takataka yako. Ni matusi, Mama. Matusi!"

"Mbona nimekwisha kumpelekea kaimati?"

"Umempelekea nini?"

"Kaimati. Tena za moto."

Furaha akaketi juu ya rundo la mashuka machafu, akacheka mpaka msimamizi akachungulia. Kisha akaacha kucheka.

"Akilalamika tena, unatoka. Ukitoka, mtoto haji. Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi usimguse tena yule mzee."

"Kopo kalirudisha, mwanangu. Limeoshwa."

"Huku wote wanaosha kopo kabla ya kutupa!"

"Haya. Lakini kaliosha."

9.

Limesikika dukani, kwa Kijerumani. Muuza mkate na Bwana Brandl.

— Si ungemwambia tu.

— Nimemwambia! Kwa ukuta, kwa barua mbili ofisini, kwa takataka. Yeye anajaza vyakula. Nikirudisha, anajaza tena. Mimi nataka kimya. Nimekaa na kimya changu tangu mke wangu—

— Na unavitupa?

— Nipe mkate wangu.

10.

Simu.

"Bibi, jirani yako ana watoto?"

"Sijui, mwanangu."

"Sasa ana nini?"

"Ana kopo."

"Bibi! Mimi nije lini?"

Mtandao ukakatika. Au Bi Mize aliukata. Chumba kiliona, lakini hakisemi.

11.

Mkaguzi.

Mwanamke mrefu, katumwa na wale wakubwa kukitazama chumba, hakuvua viatu, hakukaa, chai aliikataa kwa kiganja. Furaha alikuwepo kutafsiri. Mkaguzi akapima ukuta kwa ukuta, akafungua dirisha, akalifunga. Akalibonyeza godoro dogo kwa kidole.

"La nani?"

"La mtu ambaye hajafika," akasema Bi Mize.

Mkaguzi akatoka, akagonga mlango wa pili.

12.

Bwana Brandl akafungua nusu.

"Malalamiko ni mawili," akasema mkaguzi. "La tatu lipo?"

Mzee akamtazama mkaguzi. Akamtazama Bi Mize, ambaye alikuwa anatabasamu kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Furaha anasema aliota mvi akingoja.

Akasema neno moja, akafunga mlango.

"Kasemaje?" Bi Mize akanong'ona.

"Kasema bado."

Bado.

Bado hajalalamika? Bado ataendelea kulalamika? Msomaji, wewe unalipimaje?

13.

Mkaguzi keshaanza kushuka.

"Sikiliza," Furaha akasema upesi. "Chumba kikipita, jibu linakuja kwa posta na huyu hutamwona tena maisha. Ukimwona amerudi, ujue kafuata ufunguo. Umeelewa? Ombea asirudi."

Bi Mize akaelewa. Lakini pale ngazini alikuwa anaondoka mgeni aliyeingia nyumbani kwake na kutoka mdomo mkavu, na hakuna aliyemuaga. Akaushika ukingo wa ngazi, akainama.

"Mama, nyamaza. Mama, nakuomba, usi—"

"Karibu tena, mwanangu!"

Chini, viatu vikasimama.

"Anasema nini?" ikauliza sauti, kwa Kijerumani.

Furaha akafumba macho.

"Njoo tena," akarudia Bi Mize, taratibu, apate kuelewa. "Hujanywa hata chai."