Mtoto wa Shimo la Mwisho

"Hebu simameni kwanza," Mhoja alisema kutoka ndani ya shimo, na chekecheo likatulia mikononi mwa Felisita.

Alikuwa ameona mfupa, na si wa mbuzi. Ya mbuzi walishaizoea. Huu ulikuwa mdogo, wa mviringo, na Mhoja alipoutambua kuwa ni wa binadamu alivua kofia.

Felisita akaliweka chekecheo chini. Msimu mzima alikuwa akichekecha udongo wa kilima kile cha Keza, akitenga vigae huku na mabaki ya chuma kule, wenzake wakimtania kwamba anauchambua udongo kama mchele wa arusi. Hawakujua kwamba anatafuta mtoto wake.

Zamani, walipovuka kutoka Burundi, alijifungulia palepale kilimani, ndani ya kibanda cha turubai. Mtoto akafa angali mchanga. Kwao mzazi aliye kwenye siku zake za uzazi hatoki nje, basi mumewe, Fideli, akaenda kumzika peke yake, mvua inanyesha, akarudi na tope mpaka viwikoni. Alisema tu kwamba amemlaza kwenye mawe ya wahunzi wa kale, na kwamba atamwonyesha. Alipotaka kumwonyesha Felisita mahali penyewe, mvua zilikuwa zimeshusha udongo na yeye mwenyewe hakupatambua tena. Sasa Fideli ni marehemu, na kilima kizima kina mawe ya wahunzi.

Kwa hiyo watu wa chuo walipokuja kuchimbua makazi ya watu wa kale, wakatangaza kazi ya kibarua, Felisita aliwahi kabla ya wote. Alijiambia kwamba hawa hawataacha kitu ardhini, na kila kitakachotoka kitapita mikononi mwake.

Yuster, msimamizi wao, alishuka na brashi yake. Pole pole fuvu likatokea, kisha mbavu, kisha mikono iliyokunjwa kifuani. Felisita akasogea ukingoni.

"Huyo ni wangu," alisema.

Vibarua wakaacha kazi. Mmoja wao hakungoja kusikia zaidi, akateremka kijijini mbio. Felisita akayasema yote aliyokuwa hajamwambia mtu. Alipomaliza, Yuster alimpa mkono, akamshusha shimoni, akamwonyesha sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Mtoto alikuwa chini ya sakafu ile, nayo haikuwa imetobolewa popote kabla wao hawajaichimba. Alizikwa kwanza, ndipo watu wakajenga juu yake, wakapika na kulala hapo, enzi ambazo hakuna hata babu anayezisimulia.

Felisita hakuwa akisikiliza. Alikuwa anatazama taya.

"Ana meno," alisema.

"Ndiyo, mama. Alikuwa na miaka minne, mitano hivi."

"Wangu hakuwahi kuota jino."

Yuster akampa pole. Hilo ndilo lilikuwa shimo la mwisho. Kesho mashimo yangefukiwa na watu wa chuo wangekwenda zao. Felisita alijikalia palepale kwenye udongo. Hatampata tena, na alilijua hilo, na liliuma kuliko siku ile ya mvua, maana siku ile alikuwa bado ameahidiwa kuonyeshwa.

Alasiri mifupa ilikuwa imefungwa kwenye karatasi laini na kulazwa sandukuni, gari limeshawashwa. Ndipo wanawake walipoanza kupanda kilima. Habari ilikuwa imeshuka kijijini nusu: Felisita kampata mwanawe. Nusu ya pili haikufika. Walikuja wamejitanda vitenge, na mikeka, na kuni vichwani, na maharage, na madumu ya maji. Recho, jirani yake wa Kisukuma, alimkumbatia akalia kwa kwikwi kama aliyefiwa yeye.

Felisita alifungua kinywa awaambie. Lakini mikeka ilikuwa imeshatandikwa kulizunguka sanduku, na wanawake wameshaketi. Akamtazama Yuster. Yuster aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaenda kumwambia dereva azime gari.

"Alikuwa anaitwa nani?" Recho akauliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata Fideli. Jina alilichagua peke yake mle kibandani, mtoto akiwa kifuani, na tangu hapo halikuwahi kutoka mdomoni mwake.

"Mukeshimana," alisema.

Wanawake wakalipokea, kila mmoja akalitamka kwa ulimi wa kwao, wakaanza kumlilia.