Mgeni wa Siku ya Mshahara

Siku ya mshahara mpiga rangi alitoka gereji jua likiwa bado halijazama, akanunua mkate na majani ya chai, akapanda ngazi hadi chumbani kwake ghorofa ya pili, akamkuta mzee ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya mlango. Mzee huyo alikuwa yeye mwenyewe. Alilitambua lile kovu la kidevuni, alilolipata utotoni kwa kuangukia kizingiti, na chini ya kucha za mzee mlikuwa na mabaki ya rangi ya gari, buluu fulani ambayo gereji yao haikuwa imewahi kuichanganya. Alimwamkia shikamoo, ingawa ukipiga hesabu alikuwa anajiamkia mwenyewe. Mzee akaitikia marahaba, akasema amepitia kuchukua chochote kilichopo.

Jambo hilo halikuwa geni katika jengo lile. Mtu akishaanza kupokea mshahara wa kueleweka, hata kama haueleweki sana, yule atakayekuwa huanza kuja kila mwisho wa mwezi kuulizia fungu lake. Msusi wa chumba cha chini alijiwa na bibi ambaye ni yeye mwenyewe, mcheshi, aliyetia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Wa tajiri mwenye gereji alikuja kwa gari lenye dereva, wakala pamoja ofisini huku wakicheka kicheko kimoja. Dereva wa pikipiki, aliyepanga chumba kinachotazamana na cha mpiga rangi, yeye alitembelewa na kijana waliyefanana kama pacha, hata jaketi la ngozi walivaa moja, na majirani walimwonea wivu wazi wazi. Walisema kuna watu wamejaliwa, hawazeeki.

Wa mpiga rangi alizeeka, na alizeeka vibaya. Ndala moja ilikuwa nyekundu na nyingine kijani, suruali ilishikiliwa na kamba, meno yaliyobaki hayakujaza mkono. Umri wake ulipita sabini. Kitu pekee alichokuwa nacho kizima ni pumzi, kwa maana ngazi alizipanda bila kutua na chai ya moto aliipuliza ikapoa mara moja. Mpiga rangi alipomtazama alipatwa na aibu. Baba yako ukimkuta katika hali ile unaweza angalau kumlaumu, lakini huyu wa kulaumiwa alikuwa ameshika sufuria ya chai mkononi.

Mshahara ulikuwa umekwisha kupita njia zake: kodi, umeme, deni la dukani, hela ya mama. Kilichobaki kingenunua soda, tena bila chupa. Mzee alikipokea kwa mikono miwili.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Hata mimi sikuwa nazo."

Wiki iliyofuata mpiga rangi aliomba ruhusa ya asubuhi moja, akaenda kujiandikisha kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni. Dada wa dirishani alimweleza taratibu kwa upole wa mtu anayerudia maneno yale yale kutwa nzima. Fedha zitakatwa kwenye mshahara kabla hazijamfikia, na zitatunzwa mpaka afikishe miaka sitini, bila kuguswa kwa harusi, msiba wala ugonjwa, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui kujizuia. Nyuma yake, kwenye benchi, bibi wa dada huyo, yaani yeye mwenyewe uzeeni, alikuwa akifuma sweta na kuafiki kila kifungu kwa kichwa. Bibi yule alionekana ameshiba. Mpiga rangi alimwangalia sana kabla ya kutia sahihi.

Kuanzia hapo alifunga mkanda. Dada yake mkubwa, ambaye hakosi kipindi cha ushauri redioni, alikuwa amemwambia kwamba umaskini wa vijana unatokana na soda na bando, kwa hiyo akaacha soda na akapunguza bando mpaka akawa anapokea simu bila kupiga. Aliacha chai ya saa nne. Aliacha nauli, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Nywele alijinyoa mwenyewe, na kisogo chake kikawa gumzo la gereji kwa siku kadhaa. Dada yake alipoomba msaada wa ada ya mtoto, ambayo kila mwaka alimsaidia, kwa mara ya kwanza alimwambia hapana. Dada akakata simu. Alisahau pengine kwamba yeye ndiye aliyeanza habari za bando.

Mwezi huo mzee alikuja amevaa viatu. Vilikuwa viatu vya mitumba, soli imeshonwa, lakini vilifanana kushoto na kulia. Mpiga rangi alifurahi kiasi cha kumkatia mkate kipande kinene kuliko chake.

"Dada alikasirika," alimwambia.

"Najua."

"Alikuja kunisamehe?"

"Bado," alisema mzee, akachovya mkate kwenye chai.

Baada ya kubana kila kilichobanika, kilibaki kitu kimoja. Mpiga rangi wa magari huvaa barakoa yenye vichujio viwili vya duara mashavuni, maana rangi inayopulizwa kwa mashine huelea hewani, na anayeivuta huipaka ndani ya kifua chake kama anavyoipaka kwenye bati. Vichujio havidumu, na ukianza kusikia harufu ya rangi ujue vimekwisha. Pale gereji kila mtu alijinunulia vyake. Tajiri alikuwa na msemo kwamba barakoa ni kama mswaki, haiwezi kuwa ya kampuni. Bei ya vichujio ilikuwa karibu sawa na makato ya mfuko, na hilo mpiga rangi aliliona kama ishara njema.

Akavifua. Alivisugua kwa sabuni ya unga, akavisuuza, akavianika kwenye kamba ya dirishani kwa vibanio kama soksi. Vilitoka vyeupe kuliko vilivyonunuliwa. Mkaa uliomo ndani, ambao ndio unaonasa mvuke wa rangi, ukishalowa na kukauka hauna kazi tena, na kinachobaki ni kitambaa kisafi cha kufurahisha macho. Harufu ya rangi aliisikia, ila kila aliposikia harufu alivifua tena. Tajiri alipogundua alimsifu mbele ya wenzake, akasema hivi ndivyo watu wanavyotoka kimaisha. Wenzake wawili wakanunua sabuni.

Mzee alinawiri. Ulipofuata mwisho wa mwezi mwingine alikuja na miwani, na uliofuata huo na koti la kijivu lenye bitana, mabega yamekaa vizuri. Mgongo ulikuwa umenyooka. Meno yalirudi, kwanza ya mbele, kisha magego, na mvi zikaanza kurudi nyuma kuelekea masikioni. Ndugu huyu sasa ungemkadiria miaka hamsini, na mwezi mwingine arobaini na kidogo. Mpiga rangi alimtazama kama mkulima anavyotazama shamba lililokubali. Hakuwa amewahi kufanya jambo likafanikiwa waziwazi namna ile.

Msusi alipokutana nao kwenye ngazi alimtania, akamwuliza kama huyo mzee wake ameoa kigori. Mpiga rangi alicheka mpaka akakohoa, na mgeni naye alicheka mpaka akakohoa. Kisha mgeni alisimama kwenye kona ya ngazi, mkono ukutani, akavuta pumzi. Mpiga rangi alidhani ni viatu.

Katikati ya siku hizo dereva wa pikipiki aligongwa na lori njia panda, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Watu wa jengo walichanga, wakazika, na chumba kikapata mpangaji mwingine. Wengine walisema ni ajabu kwa mtu aliyekuwa akitembelewa na kijana mzuri vile. Mpiga rangi alichanga kidogo na kuwahi kazini, kwa kuwa kulikuwa na basi dogo linalosubiri rangi ya mwisho.

Rangi yenyewe ilikuwa buluu. Mteja alileta kipande cha bati cha mfano, fundi akachanganya, na mpiga rangi akaipuliza siku nzima. Jioni alipoosha mikono aliiona chini ya kucha zake, akaikumbuka kwenye kucha za mzee, kisha akaharakisha kusuuza kwa sababu sabuni ilikuwa inakwisha na mwenzake alikuwa anaisubiri.

Siku ya mshahara alimkuta mgeni kwenye ndoo, na shikamoo ikamgandia mdomoni. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa rika lake. Nywele nyeusi, kisogo kimenyolewa vibaya, koti la kijivu limempendeza. Walipeana mikono kama vijana wanavyopeana. Mpiga rangi aliweka sufuria jikoni, akaketi sakafuni, na ndipo alipomkumbuka jirani yake na pacha wake wa jaketi la ngozi.

"Una miaka mingapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja."

"Mimi ninayo ishirini na tisa."

"Najua."

Chai ilichemka, ikafurika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka.

"Yule mzee wa ndala," alisema mpiga rangi. "Yule wa kwanza."

Mgeni alijaribu kukumbuka, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeulizwa habari za mpangaji aliyehama zamani.

"Huyo simfahamu," alisema.

Mpiga rangi alilia. Hakulia kwa ajili yake mwenyewe, hilo lilikuja baadaye. Alimlilia mzee wa ndala mbili, aliyepanda ngazi bila kutua na kupokea hela ya soda kwa mikono miwili, ambaye angeishi vibaya lakini angeishi. Alikuwa amemvisha vizuri mpaka akammaliza.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia aache rangi na aanze dawa, akamtajia bei ya dawa kwa mwezi. Mpiga rangi alikwenda dirishani kwenye mfuko. Dada yule alimkumbuka, akampongeza kwa kutoruka hata mwezi mmoja, akamfungulia akiba yake kwenye kompyuta ili aione. Ilikuwa inatosha dawa. Akaomba apewe. Dada akamwonyesha kifungu: miaka sitini. Akamwuliza inakuwaje kwa asiyefika, na dada akageuka kumtazama bibi yake kwenye benchi, aliyekuwa amemaliza sweta na kuanza soksi. Alisema mfuko unachukulia kwamba kila mwanachama atafika, na kwamba asiyefika warithi wake wanaweza kuandika maombi. Kuacha kuchangia kunawezekana, ila kuna faini, na faini inaanza kukatwa kwenye akiba iliyopo. Alisema pole, na alimaanisha.

Tajiri naye hakuwa mkali. Alisema hakuna anayelazimishwa kazi. Alisema anayeona moshi wa rangi haumfai kuna nafasi ya kuosha magari, nusu ya mshahara, na langoni wapo watatu wanaojua kupuliza rangi. Mpiga rangi alipiga hesabu njia nzima akirudi kwa miguu. Nusu ya mshahara haikutosha kodi. Mshahara mzima haukutosha dawa. Alizigeuza hesabu kila upande mpaka akafika mlangoni, na jibu lilikuwa lile lile.

Mwisho wa mwezi mgeni alikuja mara ya mwisho. Alipanda ngazi kwa vituo, akakataa mkate, akaomba maji. Hakuulizia fungu lake. Mpiga rangi alimwambia hata hivyo kwamba mfuko umekwisha kukata, kama kawaida, na mgeni akasema vizuri. Kuta za jengo lile ni nyembamba, na msusi huko chini, aliyezoea kusikia vikohozi viwili siku kama hiyo, alisikia kimoja tu, maana sasa walikohoa kwa pamoja.

"Dada amenisamehe?" aliuliza mpiga rangi.

"Mpigie wewe," alisema mgeni. "Mimi sikuwahi."

Kisha alisimama, akavua koti la kijivu, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hili ni lako. Ulilipia."

Alipokwisha kushuka, mpiga rangi alilijaribu koti. Lilimkaa vizuri, mabega, mikono, kila mahali, na mfukoni hapakuwa na kitu. Alichukua simu, akatafuta jina la dada yake, akabonyeza. Sauti ikamwambia hana salio la kutosha kupiga simu hii.

Alilivua koti, akalirudisha msumarini lisije likachafuka. Kesho yake asubuhi kulikuwa na lori la kupaka koti la pili la rangi, jeupe, kazi ya kutwa. Akaenda dirishani, akavigusa vichujio kwenye kamba. Vilikuwa vimekauka. Akavitoa vibanio, akavirudisha kwenye barakoa, kimoja kulia na kimoja kushoto.