Uvimbe Usiouma

Masatu wa Makoko, mjini Musoma, alikuwa fundi cherehani. Hakuwahi kuvuta sigara wala kuonja gongo. Kwa hiyo uvimbe usiouma ulipomtoka shingoni, mwaka 1995, na kumeza ugali kukawa shida, watu walijitafutia sababu yao. Walisema ni ukimwi. Mkewe, Getruda, alikuwa amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na hilo nalo wakaligeuza ushahidi. Mitumba ilishampunguzia wateja; sasa waliobaki nao wakaacha kuleta nguo.

Akapanda basi kwenda Mwanza peke yake. Daktari alimkata kipande kidogo cha nyama kooni kwa ajili ya vipimo. Majibu yalipotoka, akamwita.

"Mzee, huna ukimwi. Hii ni saratani, imeanzia kwenye shina la ulimi."

"Mimi tumbaku situmiagi."

"Na mkeo, uliyesema alifariki, aliugua nini?"

Masatu akamwambia.

"Kuna kirusi watu huambukizana wanapokutana kimwili. Wengi hukipata, mwili ukakiondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa kimya miaka mingi, kisha kikaleta saratani ya mlango wa kizazi. Siku hizi wataalamu wanahisi huleta na hii ya koo. Kwako sina kipimo cha kuthibitisha."

"Nani alimpa mwenzake?"

"Hakuna wa kukuambia hilo."

Swali hilo alienda nalo Dar es Salaam kwenye mionzi. Ndugu za wagonjwa walipoingia wodini na vyakula, yeye aligeukia ukutani akamuuliza Getruda, akajijibu mwenyewe, mara kwa hasira, mara kwa aibu. Mwishowe akachoka kuuliza. Akabaki kumkumbuka tu, na huko kukamuuma kuliko koo.

Uvimbe ukaisha. Akarudi Musoma na sauti ya kukwaruza. Hyasinta, mdogo wake Getruda, akaja kutoka Bunda, akasimama mlangoni.

"Shemeji, wanasema ulimuua dada yangu kwa ukimwi."

Akamweleza yote. "Labda nilimpa mimi. Labda alinipa yeye. Tulikuwa mke na mume, Hyasinta."

Hyasinta akaingia, akakaa. Wakalia, kila mmoja akitazama upande wake.

Tangu hapo alikuja kila Pasaka. Majirani hawakuja. Walimpungia mkono kutoka barabarani, naye akawapungia, kisha akarudi ndani kukoroga uji wa mtu mmoja, akiungoja upoe.