Namba ya Kupigiwa Ikitokea Dharura

Zilibaki siku nne msafara upande mlima, na kiongozi alikuwa amejifungia ofisini tangu asubuhi, ramani ya hifadhi imetanda mezani. Alikwishagawa mahema na kuamua kambi ya pili walale siku mbili, miili izoee hewa nyepesi. Sasa alikuwa anapitia fomu za wageni sita.

Fomu ya tano ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Penye mtu wa kupigiwa ikitokea dharura aliandika "baba", na namba ya simu. Kiongozi alipoisoma, aliweka kalamu chini. Namba ile aliijua kwa kichwa. Ndiyo aliyoipiga kila aliposhuka mlimani salama. Ilikuwa ya baba yake mzazi.

Alijiambia mtu kakosea kuandika. Akarudia tarakimu moja moja kwa kidole. Halafu akaona umri: mwalimu alimpita miaka mitatu. Na yeye, tangu apate akili, ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza wa baba yake. Wadogo zake walimwita Mama Mkubwa kwa jinsi alivyowatuma.

Akampigia baba, akamweleza alichokiona. 

"Ana viatu vizuri?" baba aliuliza.

Hakukana hata kidogo. Kiongozi alikata simu bila kuaga.

Mchana wageni walikuja kuelezwa njia. Mwalimu aliingia wa mwisho, na uso ule haukuhitaji shahidi: alikuwa baba mtupu, ila bila mvi. Kiongozi alieleza huku maneno yakimponyoka. Kambi ya tatu aliitaja kabla ya kwanza, mpishi wa msafara akabaki kumkodolea macho. Wengine walipotoka, alimzuia mwalimu mlangoni.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Nilijua. Mama alinieleza kabla hajafariki. Baba aliniomba nisifike kwenu. Mlimani hakunikataza."

Kalamu ilikuwa mkononi, na kumfuta kwenye orodha kulikuwa kazi ya mstari mmoja. Kiongozi alimwambia tu asichelewe siku ya safari.

Jioni alipanga nani atembee nyuma ya nani. Akampa mwalimu nafasi ya pili, nyuma yake mwenyewe. Mpishi akashangaa, maana nafasi hiyo huwa ya mgonjwa au mzee. Akauliza huyu ana nini.

"Ni kaka yangu," alijibu, na alipojisikia akilisema neno hilo, ilibidi atafute kiti.